Nani Atajibu kwa Ajili ya Mwili wa Mtoto?

Nataka kuwaeleza jambo lililotokea nyumbani mwangu, tena jambo ambalo mimi mwenyewe sikutenda vema ndani yake. Naliandika kwa sababu swali lililotoka humo si langu peke yangu, bali ni la kila nyumba yenye watoto.

Mjukuu wangu alikuja kukaa kwetu alipokuwa na miaka minne, kwa kuwa mama yake alipata kazi ya mbali. Mimi na bibi yake tulimpokea kwa furaha, nasi tukamlisha. Asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi; adhuhuri alikula nasi; jioni, nikirudi kutoka barazani, nilimletea chupa ya soda, naye alinikimbilia njiani. Hata alipofika miaka saba alikuwa mnene sana, na unene wake ulikuwa fahari ya nyumba. Wageni walisema, “Huyu ana babu na bibi.” Nami nilifurahi, maana mimi ni mtu wa zamani, nimeona watoto waliovimba matumbo kwa njaa na nywele zao zikageuka rangi. Kwangu mimi mtoto mnene alikuwa ni mtoto aliyeokoka.

Halafu shingo yake ikaanza kuwa nyeusi upande wa nyuma, ngozi ikawa nene kama mahameli. Bibi yake akadhani ni uchafu, akamsugua kwa dodoki na sabuni, mtoto akilia. Weusi haukutoka. Akamsugua tena siku ya pili na ya tatu. Nami nilimkaripia mtoto mbele ya wenzake, nikasema, “Mtoto mkubwa hivi, hujui hata kuoga?” Akainama, asijibu neno.

Basi siku moja muuguzi alikuja shuleni kuwapima watoto, naye akaniita. Akasema, “Shikamoo, babu.” Nikaitikia, “Marahaba, binti yangu.” Akasema, “Babu, mjukuu wako ana kilo 36, na kimo chake ni sentimita 122. Watoto wa kimo hicho kwa desturi huwa na kilo 23 hivi. Tena weusi ule wa shingoni si uchafu. Ni alama ya mwili unaoshindwa kuitumia sukari yake vema.” Neno hili liliniuma. Nikamjibu kwa ukali, “Binti yangu, wataka nimnyime chakula mtoto wangu mwenyewe?” Akajibu kwa upole, “La, babu. Nataka ujue, basi.”

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimwona mtoto akiinama kichwa chini ya maneno yangu, nikajiuliza: Ikiwa mwili wa mtoto umeanza kuharibika, ni nani atakayejibu kwa ajili yake? Je, ni mtoto mwenyewe, aliyekula? Ni sisi tuliompa? Au hakuna wa kujibu, kwa kuwa kila mtu huzaliwa na mwili wake?

Kabla ya kujibu, imetupasa kulijua jambo lenyewe, kwa maana hukumu isiyo na maarifa ni dhuluma. Kwa hiyo nilikwenda kwa muuguzi yule tena na tena, nikamwuliza, nikasoma na vitabu alivyonipa. Haya ndiyo niliyofahamu.

Unene wa mtoto hauna maana moja katika kila umri. Mtoto mchanga katika mwaka wake wa kwanza huongezeka mafuta, na ndivyo inavyompasa. Mafuta yale ni akiba yake. Akianza kutembea na kukimbia hupungua kidogo kidogo, hata akifika miaka mitano au sita huwa mwembamba kuliko wakati wote mwingine wa utoto. Toka hapo mwili huanza kuongezeka tena. Mtoto ambaye mwili wake huanza kuongezeka tena mapema, kabla ya umri huo, ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mnene kupita kiasi ukubwani.

Katika miaka ya saba na ya nane mwili wa mtoto mnene sana waweza kuchukua mzigo wake kimya. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari ya damu mlango iingie katika nyama za mwili. Mafuta yakizidi, hasa ndani ya tumbo na katika ini, nyama za mwili huanza kutoitii insulini. Kongosho nalo hufanya bidii, hutoa insulini nyingi zaidi, na kwa bidii hiyo sukari ya damu hubaki katika kiasi chake. Mtoto hucheza, hucheka, husoma. Hana homa wala maumivu. Insulini ile iliyozidi ndiyo mara nyingi huifanya ngozi ya shingo na ya makwapa kuwa nyeusi na nene. Tazameni, basi, tulikuwa tukisugua kwa dodoki jambo lililokuwa ndani ya damu.

Halafu huja balehe. Katika miaka hiyo mwili wa kila mtoto, mnene au mwembamba, huitii insulini kidogo kuliko kwanza. Upungufu huo hufika kama theluthi moja, kisha hurudi taratibu balehe inapokwisha. Mtoto mwenye afya hupita hapo bila kujua. Lakini yeye aliyefika balehe akiwa amekwisha kuchoshwa na mafuta ni kama mtu apandaye mlima na mzigo kichwani. Ndiyo sababu kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wazima, huonekana kwa watoto hasa baada ya miaka kumi, na kabla ya hapo ni nadra. Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa shauri la namna ya kuyatazama matatizo haya yanapoungana, yaani mafuta ya tumboni, shinikizo la damu, sukari, na mafuta mabaya katika damu. Lilisema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 asiitwe mgonjwa wa muungano huo, bali aangaliwe. Na toka miaka 10 aweza kupimwa na kuhesabiwa.

Tena kisukari hiki kikimpata mtu utotoni ni kikali kuliko kikimpata uzeeni. Huko Marekani madaktari waliwafuata vijana walioanza kuugua wakiwa watoto, na mwaka 2021 wakatangaza waliyoyaona. Wagonjwa wale walikuwa wamefika miaka 26 kwa wastani, na katika kila 100 kama 60 walikuwa wamekwisha kupata angalau dhara moja la figo, la macho, au la mishipa ya fahamu. Hao ni watu wa umri wa kuoa na kuolewa, na kuanza kazi.

Niliposoma hayo niliogopa, nikasema moyoni, Basi jambo limekwisha. Tumekwisha kumwandikia mtoto huyu ugonjwa wake. Ndipo nilipokuta habari za watoto wa Copenhagen.

Katika mji ule, ambao ni mji mkuu wa Denmark, ilikuwa desturi tangu zamani kwamba watoto wa shule wapimwe uzito na kimo, na vipimo vyao viandikwe katika kadi. Kadi za watoto waliozaliwa tangu mwaka 1930 zilitunzwa. Waliopima hawakujua kwamba miaka mingi baadaye watu wengine watazihitaji. Walifanya kazi ya siku yao kwa uaminifu, wakaandika. Baadaye wenye elimu walizichukua kadi za wavulana waliozaliwa kati ya mwaka 1939 na 1959, wakaziweka pamoja na vipimo vilivyochukuliwa vijana walipoitwa kukaguliwa kwa ajili ya jeshi, wakiwa na miaka 17 hadi 26, kisha wakatazama katika daftari za taifa ni nani waliopata kisukari walipokuwa watu wazima. Wanaume hao walikuwa 62,565. Habari zao zilitangazwa mwaka 2018.

Waliokuwa na uzito uliozidi walipokuwa na miaka saba walikuwa 5.4 katika kila 100. Wale waliokuwa na uzito uliozidi katika miaka saba, na katika miaka kumi na mitatu, na tena katika ujana, hatari yao ya kupata kisukari kati ya miaka 30 na 60 ilikuwa kama mara nne ya wale ambao hawakuwa nao kamwe. Wale waliokuwa nao katika miaka saba na kumi na mitatu, lakini wakauacha kabla ya ujana, hatari yao ilizidi kwa kadiri ya nusu tu. Lakini wale waliokuwa nao katika miaka saba, wakawa wameuacha walipofika miaka kumi na mitatu, hatari yao ilikuwa sawa na ya watu ambao hawakuwa na uzito uliozidi kamwe. Deni lilikuwa limefutwa.

Yatupasa kusema kweli: hao walikuwa wanaume tu, na unene wa watoto wa siku zile haukuwa mwingi kama wa watoto wengi wa sasa. Tena kutazama watu waliopungua si sawa na kuwapunguza. Pengine waliopungua walikuwa na jambo jingine lililowasaidia. Lakini ushahidi huu hausimami peke yake. Mwaka 2011 zilitangazwa habari za watu 6,328, wanaume kwa wanawake, wa Marekani, Finland na Australia, waliofuatwa tangu utotoni kwa muda wa miaka 23 kwa wastani. Nao waliokuwa wanene utotoni wakaacha kuwa hivyo ukubwani, hatari zao za kisukari, za shinikizo la damu na za mafuta katika damu zilikaribiana na za wale ambao hawakuwa wanene kamwe. Mlango upo, basi. Kwa mtoto wa miaka saba u wazi sana. Kwa kijana umebanwa kidogo, lakini haukufungwa.

Sasa turudi kwa swali letu.

Wako wasemao kwamba wa kujibu ni mtoto mwenyewe. Hawasemi hivyo kwa maneno, lakini husema kwa mzaha wao. Humwita kwa majina ya dhihaka, humcheka akikimbia, humwambia kwamba ni mlafi na mvivu. Mimi nilikuwa mmoja wao siku ile nilipomkaripia kwa ajili ya shingo yake. Lakini tufikiri: mtoto wa miaka saba hanunui chakula, hapiki, hapangi saa ya kulala, hachagui nyumba iliyo karibu na uwanja au iliyo mbali nao. Mtu hulaumiwa kwa haki katika jambo alilolijua na aliloliweza. Mtoto hakulijua wala hakuliweza. Kumlaumu ni kumtoza deni alilokopa mtu mwingine.

Wako tena wasemao kwamba wa kujibu ni mama, au yeyote amleaye. Neno hili lina sehemu ya kweli, nami siwezi kulikimbia. Lakini si kweli yote. Huko huko Denmark, mwaka 1986, zilitangazwa habari za watu wazima 540 ambao walipokuwa wadogo walichukuliwa kulelewa na watu wasio wazazi wao wa damu. Unene na wembamba wao ulifuatana na wa wazazi waliowazaa, wala haukufuatana na wa wazazi waliowalea. Maana yake, urithi una nguvu nyingi. Watoto wawili waweza kula katika sinia moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe. Kwa hiyo jirani amtazamaye mama wa mtoto mnene na kusema, “Huyu hajui kulea,” huenda anamhukumu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ameepushwa nalo na damu ya baba zake tu.

Ndipo wengine husema, “Ikiwa ni urithi, basi hakuna wa kujibu.” Nao hao wamekosea. Urithi wa wanadamu haubadiliki katika muda wa miaka thelathini. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa 8 katika kila 100, na mwaka 2022 walikuwa 20 katika kila 100, jumla yao zaidi ya milioni 390. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni ulimwengu tuliowawekea. Urithi ni kama udongo: udongo mmoja hushika moto wa kiangazi upesi kuliko mwingine, lakini udongo hauwashi moto. Ni wakubwa waliojaza sukari katika chupa na kuzipanga penye macho ya watoto. Ni wakubwa waliojenga juu ya viwanja vya kuchezea, na kuzijaza njia magari hata mtoto hawezi kutembea kwa amani. Ni wakubwa wanaotumia picha na nyimbo kumvuta mtoto asiyejua bado kupambanua tangazo na ukweli.

Kwa sababu hiyo nchi nyingine zimekubali kwamba jambo hili si la jikoni peke yake. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza kodi vinywaji vyenye sukari. Chile, mwaka 2016, iliamuru vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi vitiwe alama nyeusi ambayo kila mtu aiona, na visiuzwe shuleni. Uingereza ilitoza vinywaji vya sukari tangu mwaka 2018, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari ili wasitozwe. Sisemi kwamba sheria hizi zatosha. Nasema tu kwamba zimempa anayestahili sehemu ya mzigo wake.

Lakini, ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Tukisha kugawanya lawama kwa watu wengi, kila mmoja huona sehemu yake ni ndogo, akakaa kitako. Mzazi hulaumu duka, duka hulaumu kiwanda, kiwanda husema watu wanunua kwa hiari, na mtoto huendelea kukua. Kwa hiyo naona imetupasa kupambanua mambo mawili, yaani lawama na wajibu. Lawama hutazama nyuma na kuuliza, Ni nani aliyelifanya? Wajibu hutazama mbele na kuuliza, Ni nani awezaye kulitengeneza? Mtoto akitumbukia kisimani, yeye asikiaye sauti yake kwanza hana ruhusa ya kusimama na kuuliza ni nani aliyeacha kisima wazi. Amtoe kwanza. Kisha kisima kifunikwe, na aliyekiacha wazi aulizwe. Mambo yote mawili ni ya haki, lakini kila moja lina wakati wake, na wakati wa mtoto ni mfupi.

Ndiyo maana umri ni jambo kubwa katika swali hili. Wajibu hufuata uwezo, na uwezo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Katika miaka saba uwezo wote u mikononi mwetu, na mtoto hana hata sehemu moja. Katika miaka kumi na mitatu tumegawana naye. Ana senti zake mfukoni, ana rafiki zake, nasi twaweza kumshauri na kumwonyesha mfano. Katika miaka kumi na saba uwezo umepita kwake, na sisi tumebaki wasaidizi. Basi wakati ambapo mtoto hawezi neno lolote ndio wakati ambapo mlango u wazi kuliko wakati wote. Tukingoja hata awe na akili ya kujisaidia mwenyewe, tumengoja mpaka mlango umeanza kubanwa. Hatuwezi kusema, “Ataamua mwenyewe akikua,” kwa maana tusipofanya neno tumekwisha kuamua kwa ajili yake.

Yuko atakayeniuliza, “Lakini je, ni haki kumwondolea mtoto furaha ya leo kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine hautakuja?” Swali hili ni zito, maana si kila mtoto mnene atapata kisukari, na mizani ni shahidi tu, si hakimu. Nami najibu hivi: Yategemea mzigo tumpao. Tukimshindisha mtoto njaa, tukimfanya ahesabu kila tonge, tukimwondoa mezani wenzake wakila, tumemtenda dhuluma iliyo yakini kwa ajili ya dhara lisilo yakini. Tena madaktari hawashauri hivyo, kwa sababu mtoto anakua, na mara nyingi yatosha uzito usizidi upesi huku kimo kikiongezeka. Lakini tukimpa maji badala ya soda, na usingizi wa kutosha, na saa moja ya kukimbia na kucheza kila siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa watoto wote, na chakula kile kile ambacho sisi wakubwa twala, je, tumemwondolea nini? Ugonjwa usipokuja, hajapoteza kitu. Amecheza tu, amelala, na amekula na jamaa zake. Mzigo wa haki ni ule ambao ungekuwa mwema hata kama hatari isingalikuwapo.

Tena yuko atakayesema, “Nikimnyima atalia.” Ndiyo, atalia. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliijua methali hii tangu utoto wangu, nami niliwafundisha wengine, lakini sikudhani kwamba yasemwa kwangu, kwa sababu nilifikiri kilio cha pili ni cha mwana mkorofi atakayemwaibisha mzazi. Sasa naona kwamba kilio cha pili chaweza kuwa cha mtu wa miaka arobaini alalaye hospitalini, na yule aliyemchelea asiwepo tena kukisikia. Nilipokuwa nikimletea soda kila jioni, nilidhani nampa yeye furaha. Kumbe nilikuwa najipatia mimi furaha ya kukimbiliwa njiani. Upendo wangu ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umechanganyika na kupenda kupendwa, na malipo yake yaliwekwa juu ya mwili wa mwingine.

Walakini, wapenzi, tusitoke katika shimo hili tukaangukia lingine. Wako watu ambao, wakisha kujua hatari ya unene, huufanya kuwa aibu. Mtoto adhihakiwaye kwa ajili ya mwili wake hapungui. Mara nyingi hula kwa siri, huukimbia uwanja wa michezo, na huzuni humlemea. Mwili mnene si dhambi wala si ushahidi wa tabia mbaya. Utu wa mtoto haupimwi kwa kilo. Twautengeneza mwili wake kwa sababu twampenda, si ili tuanze kumpenda.

Katika nyumba yetu tulibadili desturi za wote, si za mtoto peke yake. Mimi na bibi yake tuliacha sukari katika chai, nasi tuliona taabu kuliko yeye. Soda ikawa kitu cha sikukuu. Asubuhi naenda naye shuleni kwa miguu, na jioni, badala ya kuleta chupa, naleta miguu yangu ya kizee, naye hunivuta mpaka uwanjani. Hatukumwambia kwamba ni mnene. Tulimwambia kwamba babu amezoea kukaa mno, naye amsaidie. Neno hilo lilikuwa kweli.

Sasa mwaka umepita. Muuguzi amempima tena: kimo sentimita 127, kilo 36 zile zile. Alifurahi, nasi tukafurahi. Weusi wa shingoni umepungua kidogo, lakini bado upo, wala sijui kama utakwisha. Ana miaka minane. Miaka mitano imebaki kabla ya ule umri wa watoto wa Copenhagen, nami nimezihesabu siku zake.

Jambo moja lilikuwa limebaki, nami nililichelewesha kwa kuona haya, kwa maana si desturi yetu mzee kumwangukia mtoto. Jioni moja tulipokuwa tumekaa uwanjani nikamwambia, “Mjukuu wangu, nisamehe.” Akauliza, “Kwa nini, babu?” Nikasema, “Kwa ajili ya siku ile niliyokukaripia kwamba hujui kuoga. Ulikuwa msafi.” Akanyamaza kidogo, akaishika shingo yake, akasema, “Mimi nilijua, babu. Nilikuwa naoga.”

Basi, wapenzi wasomaji, mtoto hakuwa na neno la kujibu. Wa kujibu tulikuwa sisi, na bado tunao muda.